Riahi Tumboni: Vyakula Viiletavyo na Sababu Zake

Maneno ya hotuba ya afya kwa wazazi, wapishi wa nyumbani na watu wote

Yako mambo ya mwili ambayo watu huyataja hadharani bila haya, kama vile homa, kikohozi na maumivu ya kichwa. Yako na mengine ambayo watu huyacheka wanapokuwa na rika zao, na kuyanyamazia kabisa wanapokuwa mbele ya wakwe. Mojawapo ni riahi, yaani hewa ijaayo tumboni, ikalivimbisha tumbo na kulifanya lingurume, na mwisho ikatafuta njia ya kutoka. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Maana yake ni kwamba mtu afichaye haja yake kwa ajili ya haya hawezi kupata msaada. Kwa sababu hiyo jambo hili litaelezwa hapa waziwazi, kwa heshima, tangu mwanzo wake hata mwisho.

Tena si jambo dogo kama lidhaniwavyo. Kutojua asili ya riahi huleta hasara za namna tatu. Kwanza, mtu mwenye afya njema hutumia fedha nyingi kununua dawa za ugonjwa asio nao. Pili, maharagwe, kunde na maziwa, ambavyo ndivyo nguvu ya nyumba isiyopata nyama kila siku, hufukuzwa jikoni, na watoto ndio wapungukiwao. Tatu, na hasara hii ndiyo kubwa kupita zote, mtu mwenye ugonjwa wa hatari tumboni huambiwa, "Ni hewa tu, itatoka," naye akakaa nyumbani mpaka saa ya kuokolewa imepita. Basi yampasa kila mtu kujua mambo mawili: riahi hutoka wapi, na ni tumbo gani lililovimba ambalo si la riahi.

SAFARI YA CHAKULA

Chakula kikiisha kutafunwa hushuka mpaka katika mfuko wa tumbo. Humo husukwasukwa na kuchanganywa na maji makali, kwa muda wa saa mbili hata nne hivi. Kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao urefu wake kwa mtu mzima ni kama mita 6. Humo ndimo sehemu kubwa ya kazi ifanyikamo. Ini huleta nyongo, kongosho huleta maji yake, na chakula huvunjwavunjwa mpaka kiwe vipande vidogo mno viwezavyo kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Walakini mwili wa binadamu hauna zana za kuvunja kila kitu. Mabaki yasiyovunjika hupita, yakaingia katika utumbo mpana, ambao urefu wake ni mita moja na nusu hivi. Humo hukaa wageni wa kudumu, yaani vijidudu viitwavyo bakteria, na hesabu yake katika tumbo la mtu mmoja hupita mbali hesabu ya watu wote waliomo duniani. Vijidudu hivyo si adui. Huwazuia vijidudu wabaya wasipate makao, huunda vitamini fulani, na hutengeneza asidi nyepesi zilishazo ukuta wa utumbo wenyewe. Mshahara wa kazi hiyo ni mabaki ya chakula.

Kila mtu aliyepata kuona tembo la mnazi au pombe ya nafaka ikichachuka ameona povu likipanda juu ya chombo. Povu hilo ni hewa itolewayo na vijidudu vilapo sukari. Jambo lilo hilo ndilo litukialo katika utumbo mpana: mabaki huchachuka, na hewa hutoka. Sehemu ya hewa hiyo huingia katika damu ikatoka mapafuni pamoja na pumzi, sehemu nyingine huliwa na vijidudu vingine, na ibakiayo hutoka kwa njia ya chini. Ndiyo sababu madaktari wa siku hizi waweza kumpima mtu pumzi yake wakajua kama chakula fulani kinachachuka tumboni mwake.

Iko na hewa nyingine iingiayo kwa kinywa. Mtu alapo kwa haraka, au azungumzapo huku akimeza, au anywapo soda, au atafunapo ubani wa dukani mchana kutwa, humeza hewa nyingi. Hewa hiyo kwa kawaida hurudi juu kwa mbweu, lakini nyingine huteremka. Basi milango ya riahi ni miwili, kinywa na utumbo mpana, wala hapana mlango wa tatu wa uchawi.

KIASI GANI NI CHA KAWAIDA?

Watu wengi hujiona wagonjwa kwa sababu hawajui kiasi cha kawaida. Katika mwaka 1991 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walitangaza habari za watu 10 wenye afya, wanaume 5 na wanawake 5, ambao hewa yao ilipimwa kwa muda wa saa 24. Watu hao walikula chakula chao cha siku zote pamoja na gramu 200 za maharagwe. Aliyetoa kidogo alitoa mililita 476, na aliyetoa nyingi alitoa mililita 1,491, yaani tangu nusu lita hivi hata lita moja na nusu. Wanawake na wanaume walikuwa sawasawa. Kisha walipewa chakula kisicho na makapi yoyote, na hata hivyo hewa haikukoma. Ilipungua tu, ikawa kama mililita 200.

Mafunzo ya habari hii ni wazi. Hapana mtu mzima, awe bwana au bibi, awe mheshimiwa au mchungaji wa mbuzi, ambaye tumbo lake halitengenezi hewa. Kutoa hewa mara kumi, kumi na tano, hata ishirini kwa siku si ugonjwa.

Kuhusu harufu, hewa nyingi ya tumboni haina harufu hata kidogo. Harufu hutokana na sehemu ndogo sana yenye salfa, ambayo watu wa zamani waliiita kibiriti upele. Kabichi, vitunguu, mayai na nyama vina salfa ndani yake; kwa hiyo mtu aliyekula nyama nyingi aweza kutoa hewa kidogo yenye harufu kali, na mla maharagwe akatoa hewa nyingi isiyosikika harufu yake.

VYAKULA VIILETAVYO

Maharagwe, kunde, mbaazi, ndengu, njahi na dengu ndivyo vya kwanza. Ndani yake zimo sukari za namna ya pekee, ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna zana ya kuzivunja. Hupita zikiwa nzima mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu huzipokea kama wageni wa arusi wapokeavyo pilau.

Vya pili ni vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano, yaani mkate, chapati na maandazi. Navyo vina sukari iliyoungana kwa minyororo ambayo mwili hauwezi kuikata. Kwa sababu hiyo mtu aliyekula maharagwe kwa chapati, yakiwa yamekaangwa kwa vitunguu vingi, asiyalaumu maharagwe peke yake.

Vya tatu ni kabichi na sukuma wiki, na vyakula vya wanga ambao haukuvunjika, kama vile ndizi mbichi, na viazi au ugali uliopikwa ukapoa. Vya nne ni matunda yenye sukari nyingi, kama vile maembe na matofaa, yakiliwa kwa wingi mara moja. Vya tano ni soda, ambayo huleta hewa yake yenyewe ndani ya chupa.

Cha sita ni maziwa, nacho chahitaji maelezo yake. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Kila mtoto mchanga huzaliwa na zana ya kuivunja sukari hiyo, lakini kwa watu wengi zana hiyo hupungua baada ya utoto. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi za watu wazima wa dunia wana upungufu huo. Mtu wa namna hiyo akinywa bilauri mbili za maziwa mabichi au ya chai, tumbo hunguruma, hujaa hewa, na pengine huharisha. Haya si mzio wala laana, ni hali ya kuzaliwa.

Katika Afrika ya Mashariki hali hii hutofautiana sana baina ya watu na watu. Mwaka 2007 mtaalamu Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza habari za watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wengi miongoni mwa wafugaji wamerithi badiliko la asili liwawezeshalo kunywa maziwa hata uzeeni, na kwamba badiliko hilo lilizuka Afrika, mbali na lile la watu wa Ulaya. Basi mfugaji anywaye maziwa kibuyu kizima na jirani yake mkulima ashindwaye na kikombe kimoja wasichekane. Kila mmoja ana urithi wake.

Wazee walikwisha kupata ufumbuzi wa shida hii kabla ya wataalamu. Maziwa lala, na mursik ya Wakalenjin ambayo hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, huchachushwa na vijidudu vilavyo sehemu ya laktosi kabla maziwa hayajafika kinywani. Mtu asiyeweza maziwa mabichi aweza mara nyingi kunywa maziwa lala bila taabu. Hali kadhalika, kikombe kidogo pamoja na chakula husumbua kidogo kuliko kikubwa katika tumbo tupu.

KWA NINI WENGINE HAWASUMBUKI?

Huenda mtu akauliza: mchanganyiko wa mahindi na maharagwe umeliwa tangu zamani na watu wengi wa nchi hii. Wakikuyu huuita githeri, Wakamba huuita isyo, Wajaluo huuita nyoyo, na Waswahili huuita pure. Mbona wazee hawakulalamika?

Jibu ni kwamba tumbo lina mazoea. Dakt. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, aliangalia sana desturi za chakula za watu wa mashambani. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni upesi kuliko chakula cha Waingereza, na choo chao kilikuwa kizito mara kadhaa. Makapi ya nafaka na mikunde yalisukuma kazi mbele, wala hayakuruhusu mabaki kulala tumboni siku nyingi.

Sasa mfikirie kijana aliyetoka mashambani akakaa mjini miaka mitatu. Asubuhi hunywa chai na mkate mweupe, mchana hula chipsi na soda, na jioni ugali wa unga uliokobolewa. Hufunga choo siku mbili, tatu. Siku arudipo kwao kwa sikukuu huletewa sahani kubwa ya githeri, akaila yote kwa furaha, na usiku kucha halali. Kesho yake hutangaza kwamba chakula cha kwao kimemdhuru. Kumbe chakula hakikubadilika. Ni tumbo lake lililosahau kazi yake. Akila kidogo kidogo kila siku, kwa kawaida taabu hiyo hupungua baada ya majuma machache.

KAZI YA MPISHI

Riahi ya maharagwe yaweza kupunguzwa sana jikoni, bila dawa na bila gharama. Mpishi na ashike mambo haya:

1. Maharagwe makavu yachaguliwe, yaoshwe, kisha yalowekwe katika maji mengi usiku kucha, saa 8 hata 12. Asubuhi maji hayo yamwagwe. Sukari ziletazo riahi huyeyuka katika maji, sehemu yake ikaondoka nayo. Mahali ambapo maji ni ya shida, maji hayo yamwagiwe mboga bustanini.

2. Yatiwe maji mapya, na yachemshwe kwa nguvu muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Jambo hili ni la lazima hasa kwa maharagwe mekundu, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu iletayo matapishi na kuharisha, na moto hafifu usiochemsha hauwezi kuiondoa.

3. Yaendelee kupikwa mpaka yaive kabisa, yapondeke kwa vidole viwili. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi, na kuni au makaa hubaki kwa chakula kingine.

4. Wengine hutia magadi, chumvi ile itokayo Ziwa Magadi. Magadi hulainisha maganda, lakini yakizidi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagwe, na humzidishia chumvi mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Afadhali kuloweka kuliko kutia magadi.

5. Ndengu na kunde zaweza kuoteshwa kidogo kabla ya kupikwa, kwa kuzifunika katika kitambaa chenye unyevu siku moja au mbili. Mbegu iotapo hula sukari zake yenyewe. Zikiisha kuota zioshwe, na zipikwe ziive, zisiliwe mbichi.

Katika nyumba nyingi desturi mpya kama hizi huanzisha mazungumzo. Mama mkwe humwona mke wa mwanawe akimwaga maji ya maharagwe asubuhi, akamwuliza:

"Mwanangu, mbona unamwaga utamu wa maharagwe?"

"Ni kweli, mama, ni utamu," mwanamke hujibu kwa adabu. "Lakini utamu huu ndio umwamshao baba usiku."

"Na nguvu ya maharagwe je? Haiondoki nayo?"

"Nguvu hubaki ndani ya punje, mama. Kiondokacho ni kidogo."

Naye mwanamke huyo husema kweli. Vitamini chache hupotea pamoja na maji, lakini chakula chenyewe kiujengacho mwili hubaki chunguni.

Mlaji naye ana sehemu yake. Na akae chini, ale polepole, atafune vizuri, asimeze maneno pamoja na matonge. Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka," na mahali pa kwanza pa kulithibitisha neno hilo ni tumboni. Baada ya kula, kutembea kidogo husaidia hewa kusogea. Maji ya kutosha na mboga za majani huzuia kufunga choo, maana choo kikikaa ndani siku nyingi, hewa nayo hufungiwa pamoja nacho. Chai ya tangawizi au iliki huwatuliza wengi, wala haidhuru.

Akiwa bado anasumbuka, na ajichunguze. Aandike kwa majuma mawili kila alacho na kila taabu aipatayo. Aache kitu kimoja tu kwa siku chache, kama ni maziwa basi maziwa, aone. Asiache vyote kwa mara moja, kwa maana hatajua ni kipi, tena atakonda bure.

TUMBO LA MTOTO

Hapa ndipo yatakiwapo maangalizi makubwa. Mama aweza kumwona mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana tumbo kubwa, akasema, "Ni maharagwe yaliyomjaza hewa," akamwondolea maharagwe na maziwa, akambakizia uji mwepesi wa mahindi mchana na usiku. Baada ya miezi michache miguu ya mtoto huvimba, nywele hugeuka rangi na kunyofoka, uso huvimba, naye hukaa pembeni bila kucheza. Mama huona tumbo limezidi, akapunguza chakula tena.

Ugonjwa huo huitwa kwashiorkor, nao ni wa utapiamlo. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 alipokuwa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu mwaka 1957, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina hilo la lugha ya Kiga, ambalo hutaja ugonjwa umpatao mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Mtoto wa namna hiyo hakudhuriwa na maharagwe. Huenda maharagwe ndiyo aliyoyakosa, pamoja na maziwa, mayai, samaki na mboga. Apelekwe zahanati bila kukawia. Na yule ambaye bado ni mzima, apondewe maharagwe yaliyolowekwa na kuiva sana, maganda yachujwe, apewe kijiko kimoja kimoja mpaka azoee.

Tumbo la mtoto laweza pia kujaa kwa sababu ya minyoo. Minyoo mikubwa ya tumboni ikiwa mingi hujisokota pamoja, ikaziba utumbo. Maji machafu nayo huleta kijidudu kiitwacho giardia, ambacho humpa mkubwa na mdogo riahi yenye harufu mbaya na choo chepesi chenye mafuta. Hayo yote yana dawa hospitalini, na kinga yake ni choo cha shimo, maji yaliyochemshwa, na mikono iliyonawiwa kwa sabuni.

TUMBO LISILO LA RIAHI

Iko alama moja rahisi. Tumbo la riahi hupanda na kushuka: asubuhi ni dogo, jioni ni kubwa, na hewa ikitoka mtu hupata nafuu. Tumbo la ugonjwa halishuki. Laweza kuwa limejaa maji kwa sababu ya ini, na katika nchi za pwani ya Ziwa Viktoria na mashamba ya mpunga ya Mwea kichocho cha tumbo huweza kuliharibu ini. Laweza kuwa bandama iliyokua. Kwa mwanamke laweza kuwa uvimbe katika mji wa mayai. Kwa hiyo mwanamke, hasa aliyepita miaka 50, ambaye tumbo lake limekuwa likijaa karibu kila siku kwa majuma matatu, asinunue dawa ya riahi bali aende apimwe. Hali kadhalika mtu yeyote akondaye bila sababu, au atoaye damu katika choo, au ambaye choo chake kimebadilika ghafula asijue kwa nini.

Hatari kubwa ya haraka ni kujisokota kwa utumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hujizungusha juu yake yenyewe kama kamba, njia ikazibika. Ugonjwa huu hujulikana sana na wapasuaji wa Afrika, na mara nyingi huwapata wanaume watu wazima. Tumbo huvimba ghafula, likawa gumu kama ngoma. Maumivu huja kwa nguvu. Na alama iliyo kubwa ni hii: choo hakitoki, wala hewa haitoki kabisa. Baadaye hufuata matapishi. Daktari aweza kuufungua utumbo huo kwa mpira maalumu au kwa kupasua. Lakini utumbo uliosokotwa hukosa damu, na ukikosa damu saa nyingi hufa, naye mgonjwa hufa pamoja nao.

Kosa lifanywalo majumbani wakati huo ni kumpa mgonjwa haluli au dawa kali ya kuharisha, au kumtia dawa za miti kwa njia ya nyuma, ili "kufungua tumbo." Ni kama kusukuma gari katika daraja lililovunjika. Dawa husukuma, njia imezibika, na utumbo huweza kupasuka. Wengine husema amelogwa au amelishwa kitu, wakapoteza usiku mzima wakimtafuta adui. Usiku huo ndio uliokuwa wa kumwokoa. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe chakula wala dawa yoyote ya kuharisha. Atafutiwe gari saa ile ile, apelekwe hospitali yenye chumba cha kupasulia.

Wale waliopata kulala katika wodi ya wapasuaji wajua swali ambalo wauguzi huuliza asubuhi baada ya mgonjwa kupasuliwa tumbo. Huuliza, "Umetoa hewa?" Akijibu kwamba ametoa, huandika katika karatasi yake kwa furaha, maana ni dalili kwamba utumbo umeanza tena kufanya kazi. Jambo ambalo watu huliona haya nyumbani, hospitalini ni habari njema.

Basi, Mabwana na Mabibi, riahi ni moshi wa jiko lifanyalo kazi. Moshi ukizidi, mwenye nyumba hutengeneza kuni zake. Hazimi jiko akalala njaa. Maharagwe yalowekwe usiku huu, yapikwe yaive kesho, na watoto wapate fungu lao. Asiyeweza maziwa mabichi na ajaribu maziwa lala. Na katika kila nyumba, mkubwa mmoja azishike alama hizi tatu za hatari: tumbo lililovimba ghafula na kuwa gumu, maumivu makali, na kutotoka choo wala hewa. Akiziona, asingoje kupambazuke.